Mwaka wa Mwenye Mfongo

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba zimwi zuri la mchezo wa mezani ni lile lisiloshindika. Nililibuni zimwi langu la kwanza nikiwa nimelala chali katika chumba cha uani kwa mama yangu mdogo, mtaa wa Njoro, simu yenye kioo kilichopasuka ikiwa juu ya kifua. Lilikuwa na vichwa vitatu, uhai mia tatu na pumzi ya barafu. Jumapili niliyolipeleka mezani liliua wahusika wote watatu kabla chai haijapoa. Rafiki yangu Shabani aliitazama dadu, akanitazama mimi, akasema kwa lile jina wanalotuitia sisi wa mlimani, "Sasa mangi, tumekuja kucheza au tumekuja kuzikwa?" Tukacheka, tukaanza upya. Nilirudi nyumbani nikijiambia kwamba nimejifunza. Sikuwa nimejifunza. Nililichukua kosa lile lile nikalificha mahali pazuri zaidi, na huko ndiko lilikokuja kuleta madhara.

Ninaandika haya kwa sababu ya ujumbe ulionifikia mwezi uliopita kutoka kwa Rukia, mdogo wake Shabani. Hatukuwa tumeandikiana kwa miaka. Aliandika: "Mama ametutoka. Tumemzika jana. Hitima Ijumaa. Nimeona nikuambie." Mimi ni mtu wa kusoma sentensi mpaka inachakaa, na hiyo ya mwisho niliisoma jioni nzima. Nimeona nikuambie. Hakusema njoo, wala hakusema usije. Nilikaa kitandani Arusha, viatu miguuni, nikijaribu kukumbuka sauti ya Mama Shabani, na iliyonijia ni ile aliyotumia kupitia pazia la jikoni, huku akipepea mkaa: "Nyie, hilo dude lenu la leo linakula saa ngapi? Maana chakula chenu kinapoa."

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimemaliza shule, sina kazi, sina chuo. Mchezo niliufahamu kwa simu. Ni mchezo wa mezani ambao hauna ubao wa kushinda na kushindwa. Kila mchezaji ana mhusika wake, na mmoja wao anakuwa msimulizi, anawaeleza wenzake wako wapi, wanaona nini, nani amewazuia njia. Wao wanasema wanafanya nini, na penye mashaka inatupwa dadu. Msimulizi nilikuwa mimi. Hakuna aliyenifundisha. Kanuni nilizisoma kwa Kiingereza cha kubahatisha, kamusi pembeni, na nilisoma pia mabishano ya watu wa mbali nisiowajua, waliokuwa wakiandika kwa ukali kwamba msimulizi anayetoa dokezo ni msimulizi dhaifu. Hilo nililiamini kama mtu anavyoamini alichosoma peke yake, bila mtu wa kumwambia kwamba wengine wanaandika tu.

Tulicheza nyumbani kwa kina Shabani, mitaa michache kutoka kwa mama mdogo, katika chumba cha nyuma cha karakana ya useremala. Baba yao alikuwa ameshafariki na karakana ilikuwa mikononi mwa Shabani. Mbele kulikuwa na randa, msumeno na vitanda visivyopakwa rangi; nyuma kulikuwa na meza. Meza yenyewe iliagizwa na mteja mmoja ambaye hakurudi kuichukua, ya mninga, ya watu wanane, na sisi wanne tulikaa upande mmoja kwa sababu ule mwingine ulikuwa umejaa mbao. Chumba kilinuka vanishi, tangawizi na vumbi la mbao lililolowa. Mvua za masika zilipogonga bati tulilazimika kupaza sauti, na zimwi la kutisha huwezi kulielezea kwa kupiga kelele. Ukitaka kutisha unatakiwa unong'one. Kwa hiyo mwezi wa nne mazimwi yangu yote yalikuwa ya kuchekesha.

Wahusika wao niliwafahamu kuliko majirani zangu. Rukia, aliyekuwa anasomea uhasibu, alicheza kama mwizi wa kike aliyeiba vitu na kuvirudisha vikiwa vimesafishwa. Gasper, kijana wa Kirombo aliyeuza viatu vya mitumba sokoni na kwao ni Tarakea, alicheza kama padri mwongo. Shabani alicheza kama Fundi Kobe, seremala mzee mwenye gamba, mwendo wa pole, anayebeba nyumba yake na ya mgeni. Shabani alichonga sanamu ndogo za wote watatu kwa vipande vya mninga vilivyobaki, za ukubwa wa kidole gumba, lakini Kobe alimchonga kwa wiki nzima. Gamba lake lilikuwa na mistari midogo kama mlango wa kabati. Mama yao hakuwahi kuketi nasi, ila kupitia lile pazia alijua mambo yote. Akituletea maharage na wali alikuwa anauliza, "Yule fundi amefika salama?" kana kwamba anamuulizia mtu aliyepanda basi la Rombo.

Mazimwi ya vitabuni yalitushinda mapema. Niliposimulia joka lililolala juu ya dhahabu katika ngome ya theluji, Rukia aliuliza linaota moto wapi, na Gasper akajibu kwamba labda limepanda mlima na watalii. Ndipo nikaanza kubuni ya kwangu. Nilibuni Gunia, zimwi la magunia ya kahawa isiyonunuliwa, linalotembea vijiji vya juu likigonga milango usiku na kuuliza bei. Nilibuni ukungu unaosahaulisha watu jina la kwao. Sitaki kujisifu, lakini yalikuwa mazuri, na uzuri wake ulinitia wasiwasi kuliko ubaya wa yale ya mwanzo. Kila zimwi nililicheza peke yangu kitandani kwanza, nikijifanya wachezaji watatu, nikitupa dadu juu ya blanketi, nikibadili namba. Uhai themanini, hapana, sabini na tano. Anapiga mara mbili, hapana, mara moja lakini kwa nguvu. Mama mdogo alipita mlangoni akaniona nikitupa dadu na kuguna peke yangu. Alimwambia jirani, na nilimsikia, "Huyu kijana tungempeleka hata ufundi magari. Hivi anavyokaa hivi atapotea." Nilirudi kwenye namba zangu nikiwa nimeumia, na nikaona njia pekee ya kumjibu ni kubuni zimwi ambalo halina dosari hata moja.

Hilo likawa Mwenye Mfongo. Mifongo ni ile mifereji ya zamani inayoteremsha maji kutoka msituni hadi kwenye vihamba, mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba huku mlimani. Kila ukoo una zamu yake ya maji, na ugomvi wa zamu nimeusikia kwetu Old Moshi tangu sijajua kusema. Zimwi langu lilikuwa mwanamke mrefu aliyekaa juu kabisa mfongo unapoanzia, mwenye nywele za ukoka na mikono ya mawe, aliyefunga maji kwa sababu watu wa chini waliiba zamu yake. Kijiji chote kilikuwa kinakauka. Kila jeraha alilopigwa lilijaa maji na kufunga. Hakuweza kuuawa, na safari hii nilijua kwamba zimwi lisiloshindika ni kosa, kwa hiyo nilimwekea njia moja. Kwetu mlimani, mtu aliyekukosea akija na jani la isale mkononi, humfukuzi. Hata kama amekuharibia nini, ukiliona lile jani unakaa chini na kumsikiliza, na ukishamsikiliza umesamehe. Nilipanda masale, mimea ya jani hilo, pande zote mbili za mfongo, nikaandika mstari mmoja chini ya karatasi: akiletewa isale, hasira yake inaisha. Nilipomaliza mstari ule nilisikia raha ambayo sijawahi kuisikia tena katika kazi yoyote. Niliona nimetengeneza kitu kama kufuli la fundi wa zamani, lisilo na skrubu inayoonekana.

Niliyemtegemea ni Gasper. Sikusema hivyo hata moyoni, lakini sasa najua. Mwenye isale uani kwao angelitaja mapema tu. Ila mwezi huo baba yake aliumwa na Gasper akabaki Tarakea kuangalia biashara ya nyumbani, na mimi, badala ya kulihifadhi zimwi mpaka arudi, nililipeleka mezani kwa Rukia na Shabani, watoto wa mjini, ambao mama yao anapika samaki wa nazi na ambao hawajawahi kulala kihambani hata siku moja. Nilikuwa nimelisubiri miezi. Sikuweza kulisubirisha tena.

Jumapili ya kwanza walimpiga. Ya pili walimpiga kwa akili zaidi; Rukia aliiba sauti ya mtoto wa Mwenye Mfongo akamwita nayo, jambo zuri sana, na mimi nikasema hageuki. Nilitaja masale tena na tena. Niliyataja yakipeperuka, yakidondosha maji, yakipanga njia. Wao waliona napamba. "Deo," Rukia akaniambia, kalamu mdomoni, "kuna kitu hujatuambia?"

"Kila kitu kiko mbele yenu," nikamjibu, kwa sauti ambayo nikiikumbuka sasa nasikia joto masikioni.

Jumapili ya tatu Shabani alifika mezani akiwa kimya. Vidole vyake vilikuwa na gundi. Alimshika Kobe wake wa mti, akamsogeza mpaka ukingoni mwa karatasi niliyochora mfongo, akamwacha hapo.

"Fundi Kobe anaweka shoka chini," akasema. "Hapigani leo. Anatazama pale maji yanapofungwa. Si ulisema kuna lango?"

"Lipo."

"Ulisema limeoza."

Nilikuwa nimesema hivyo kwa ajili ya uzuri tu. "Limeoza," nikakubali.

"Basi anamwambia hivi. Shikamoo mama. Mimi ni fundi. Walioiba maji yako siwajui, na siwezi kuwasemea. Lakini lango lako limeoza na mimi nina mbao. Nitakutengenezea jipya, zuri, la kufunga na kufungua utakavyo mwenyewe. Likikamilika, utaamua ufungue au uache."

Jikoni upepeo ulinyamaza. Rukia alimgeukia kaka yake kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akimtazama. Na mimi nikaangalia karatasi yangu. Chini kulikuwa na mstari mmoja, na mstari ule haukusema lango. Najua kilichonipitia, na nitakisema kilivyo: niliona kwamba jibu lake ni zuri kuliko langu. Nililiona kabisa. Na nikaona kwamba nikilikubali, kufuli langu lote halikuwa na maana, mtu amepita dirishani.

"Hasikii," nikasema.

"Hasikii vipi? Namtengenezea lango lake."

"Hasikii, Shabani. Ameinua mikono. Tupa dadu."

Akatupa. Ilikuja namba ndogo. Nikasimulia jinsi maji yalivyopanda, jinsi Fundi Kobe alivyoendelea kupigilia msumari maji yakiwa shingoni, jinsi mbao zake zilivyoelea zikishuka kijijini kabla yake. Nilinong'ona. Mvua haikuwepo, bati lilikuwa kimya, na lilikuwa simulizi bora kuliko yote niliyowahi kutoa. Hilo ndilo linaloniuma.

Pazia likasogea. Mama Shabani alikuwa amesimama na upepeo mkononi. "Amekufa yule fundi?"

"Amekufa, mama," Shabani akasema.

"Si alikuwa anamtengenezea?"

"Alikuwa anamtengenezea."

Mama alinitazama mimi, bila hasira. Alionekana kama mtu anayengoja sentensi iishe. "Haya," akasema, "tokeni mnawe mikono." Tulikula wali na mchicha. Shabani alikula nusu, akafunika sahani.

Gasper alirudi wiki iliyofuata na mfuko wa biskuti za upande wa Kenya, anacheka, baba yake amepata nafuu. Tulikuwa tumekaa mezani bila kuanza. Rukia alimweleza yaliyotokea: maji, mikono ya mawe, sauti ya mtoto, lango, kifo. Gasper alisikiliza akitafuna, na kabla hajameza akasema, "Kwani hamkumpelekea isale?"

"Isale gani?" Rukia akauliza.

"Isale, jani. Aisee, si mmesema masale yamejaa pale? Mtu ana hasira ya maji, unachuma isale unampelekea, mnamaliza. Kwetu hata bibi yangu—" Akaona nyuso zetu, akaacha.

Rukia alishusha kikombe. Shabani hakumwangalia Gasper. Aliniangalia mimi. "Ndilo lilikuwa jibu?"

"Ndiyo."

"Ulikuwa unajua hatujui."

"Niliyataja," nikasema. "Kila Jumapili niliyataja masale."

"Ulitaja na migomba. Ulitaja na ukungu. Ningempelekea mgomba? Mimi isale naijua ni ua la fensi, mangi. Nimepita kwenye fensi hizo tangu mdogo, hakuna aliyeniambia kitu."

"Jamani," Gasper akasema, "ni mchezo."

"Kwako ni mchezo, wewe unalo jani." Sauti ya Shabani haikupanda. Afadhali angepiga kelele. "Mimi nimezaliwa nyumba hii, chumba kile pale. Nikipanda huko juu kupima kabati la mtu naulizwa, kwenu wapi? Nasema Njoro. Wananiuliza, kabla ya Njoro? Nimezoea, naandika vipimo vyangu nashuka. Sikujua kwamba na kwenye meza yangu nitaulizwa kwetu wapi."

Nilitaka kusema kwamba sikukusudia hivyo, na ilikuwa kweli, lakini nilikuwa naitafuta sentensi nzuri ya kulisema, na wakati naitafuta yeye akauliza tena. "Na lango? Lango lilikuwa jibu baya?"

"Halikuwa limeandikwa."

"Sikuulizi kama lilikuwa limeandikwa."

Akamchukua Kobe wa mti pale mezani, akaenda kwenye boksi la maranda na vipande ambavyo mama yake huwashia jiko, akamtumbukiza. Kisha akaanza kupanga viti, kimoja juu ya kingine, kama anavyopanga vya wateja.

Wiki ile nilipanda Old Moshi nikachuma isale. Nilichagua sana. La kwanza lilikuwa na tundu la mdudu, la pili lilikuwa dogo. Nilipata moja refu, la kijani kibichi, halina doa, nikalizungusha na gazeti lenye maji nikashuka nalo. Nilifika hadi mlangoni pa karakana. Shabani alikuwa anapiga randa, mgongo kwangu, redio inaongea mpira. Nikasimama. Nikafikiri: ndilo jani lile lile. Nikimpa hili ataona namdhihaki. Au hataona maana yake, nitalazimika kumwelezea, na msamaha wa kuelezewa si msamaha. Nikaamua nirudi nikajipange kwanza, nipate maneno yasiyo na tundu. Niliyaandika kwenye simu, nikayafuta, nikayaandika. Siku zikaenda. Jani lilikauka juu ya kabati la mama mdogo, likawa la rangi ya karatasi ya sukari, naye alipofagia akalitupa. Mwisho wa mwaka nikapata kazi ya duka la vipuri Arusha, nikahama bila kuaga mtu wa mezani isipokuwa Gasper, ambaye alinipa viatu na hakutaja lolote.

Siku ya hitima nilianzia tena Old Moshi. Sikuchagua safari hii. Nilikata la kwanza nililolifikia, lenye ncha iliyoungua na jua, nikalitia kwenye mkoba. Njoro nilikuta turubai limefungwa mbele ya karakana, wanaume kwenye mikeka, kisomo kimeshaisha, vijana wanapitisha sahani za pilau. Niliwaamkia wazee, shikamoo, shikamoo, na nikitoa kitambaa mkobani jani likachomoza. Bibi mmoja jirani, wa huku mlimani ambako isale hupandwa pia makaburini, akaliona. "Hilo ni la kaburini, mwanangu?"

"Hapana, bibi."

Alinitazama usoni, akatazama mlango wa karakana. "Basi usikae nalo," akasema, na akaondoka na ndoo yake.

Rukia alikuwa jikoni na wanawake. Alinipa mkono kupitia dirisha la nje, macho yamevimba, akasema pole na safari, nami nikasema poleni na msiba, na hatukuweza zaidi. Dirisha lile lilikuwa limekwama wazi kwa kitu kilichobanwa kwenye fremu. Nilitambua mistari ya gamba kabla sijatambua ni nini. Moshi ulikuwa umemfanya mweusi na ukingo mmoja wa gamba umelika kwa kusuguana na fremu.

"Mama alimtoa kwenye maranda siku ile ile," Rukia akasema, alipoona ninapoangalia. "Alisema hawezi kumchoma mtu ambaye alikuwa anafanya kazi."

Shabani nilimkuta chumba cha nyuma. Meza haikuwepo, ilishauzwa. Alikuwa amekaa juu ya rundo la mbao, kanzu yake ina vumbi magotini, amenenepa kidogo, ana ndevu. Nikamwambia pole. Akasema ameshapoa. Tukakaa. Nilikuwa na maneno tayari, ya miaka mingi, na nikayaacha yote, nikatoa lile jani nikalishika mbele yake.

"Hili ni isale," nikasema. "Maana yake ni kwamba—"

"Naijua maana yake," akasema. "Gasper si alituambia mbele yako? Na baadaye nilimuuliza vizuri. Linashikwa vipi, unasema nini, anayepokea anafanya nini. Alinieleza yote." Alikuwa anaangalia jani, si mimi. "Nikamwambia mama, Deo ataleta lile jani lao. Ngoja, ataleta. Nikamweleza na yeye maana yake. Akapenda sana. Akawa kila Jumapili akipika ananiuliza, hajaleta? Namwambia bado. Anapika na ya kwako. Hata ulipohama akawa bado anauliza. Baadaye akaacha."

Nje mtu alicheka kwa sababu ya kitu fulani, kisha akakumbuka alipo akanyamaza. Mkono wangu ulikuwa bado umenyooka.

"Ningelipokea," Shabani akasema. "Hata ungelileta limekauka."

"Najua."

"Hujui. Ungejua ungeleta." Akalipokea, kwa mikono miwili, kama Gasper alivyomfundisha. Alilizungusha akaona ile ncha iliyoungua, akalilaza gotini. "Haya. Nimelipokea. Yamekwisha. Lakini aliyekuwa analingoja hayupo, na hilo huwezi kulitengeneza, na mimi siwezi kukutengenezea. Umekula?"

"Sijala."

"Nenda ukale basi. Watamaliza."

Nilikwenda nikala. Pilau haikuwa ya mkono wa Mama Shabani. Nilijua kwa tonge la kwanza. Kabla sijaondoka nilimwomba Rukia nimguse yule Kobe, akasema niguse tu, nisimtoe, dirisha litagonga.

Siku hizi nasimulia mchezo Jumamosi, na vijana watatu wa pale dukani. Mazimwi yangu nayapeleka mezani yakiwa hayajakamilika, namba nyingine nazijaza tukiwa tunacheza. Nikiwa na jani la kwetu katika hadithi nawaambia mapema linafanya nini. Mchezaji akileta jibu ambalo sikuliandika, nalipokea. Nikimkosea mtu naenda siku hiyo hiyo, na nilichonacho. Shabani tunapigiana simu. Hachezi tena.